MAWASILIANO YASIYOTUMIA WAYA BAINA YA VYOMBO VYA USAFIRI: Maelezo kwa Watumishi wa Umma na Wananchi wa Bukoba na Muleba, Bara na Visiwani

Makala haya yameandaliwa kwa ajili ya watumishi wa umma na wananchi wa Bukoba na Muleba, hususan wakazi wa kata za visiwani za Bumbire, Goziba, Ikuza, Kerebe na Mazinga. Madhumuni yake ni kueleza namna vyombo vya usafiri, vya nchi kavu na vya majini, vinavyopeana habari bila kutumia waya, manufaa ya mawasiliano hayo, na mipaka yake. Makala haya si amri wala kanuni mpya. Kanuni zilizopo zinabaki kama zilivyo.

Umuhimu wa jambo hili hauhitaji maelezo marefu kwa wakazi wa Kagera. Asubuhi ya tarehe 21 Mei, 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka na kuzama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu walipoteza maisha. Tarehe 20 Septemba, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, Wilaya ya Ukerewe, na watu zaidi ya 220 walifariki dunia. Tarehe 6 Novemba, 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa ikijiandaa kutua Bukoba ilianguka ziwani ikiwa na watu 43, na kati yao 19 walifariki. Siku hiyo ya Bukoba, wavuvi waliokuwa karibu na mitumbwi yao ndio waliotangulia kufika, nao walishiriki katika kuwatoa abiria.

Funzo la siku hiyo linapaswa kukumbukwa wakati wote wa kusoma maelezo haya. Mtu wa kwanza kuokoa ni yule aliye karibu. Kwa hiyo swali la msingi kuhusu mtambo wowote wa mawasiliano ni hili: je, aliye karibu atasikia?

1. MAANA YA MAWASILIANO HAYA

Wazee watakumbuka simu za upepo zilizokuwa katika vituo vya polisi, hospitali na misheni kabla ya simu za mkononi kuenea. Msemaji alibonyeza kitufe, akasema, akaachia ili amsikilize mwenzake. Mawasiliano tunayoyaeleza hapa yanatumia mawimbi ya redio vilevile, isipokuwa wasemaji wakuu ni vyombo vyenyewe. Gari au meli hutambua mahali ilipo kwa msaada wa setilaiti, kisha kifaa chake hutangaza ujumbe mfupi: mimi ni nani, niko wapi, naelekea wapi, na kwa kasi gani.

Tofauti kubwa baina ya mifumo hii ni msikilizaji. Upo mfumo ambao chombo husema na kituo kilicho mbali. Upo ambao husema na nguzo iliyo kando ya njia. Na upo ambao vyombo husemezana vyenyewe kwa vyenyewe. Kila mmoja una kazi yake, na si sahihi kuudhania mmoja kuwa unafanya kazi ya mwingine.

2. MABASI YETU YANASEMA NA NANI?

Wasafiri wa mabasi ya masafa marefu yanayotoka Bukoba kupitia Muleba na Biharamulo wamezoea kusikia kuwa basi lina kifaa cha kufuatilia mwenendo wake. Kifaa hicho ni sehemu ya mfumo unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Hurekodi mahali basi lilipo na kasi yake, kisha hupeleka taarifa hizo kituoni kwa kutumia mtandao wa simu za mkononi. Dereva naye hutambulishwa kwa kitufe chake maalumu, ili ijulikane ni nani aliyekuwa kwenye usukani na kwa saa ngapi. Zuio la mabasi kusafiri usiku, lililokuwapo tangu miaka ya 1990, lilipoondolewa mwaka 2023, usimamizi wa aina hii ulichukua nafasi kubwa zaidi.

Manufaa ya mfumo huu ni ya wazi. Dereva anayejua kuwa mwendo wake unaonekana hujizuia, na baada ya ajali ushahidi upo. Hata hivyo ni lazima ieleweke kwamba basi hilo husema na kituo tu. Haliliambii lori la ndizi linalokuja upande wa pili wa kona kwamba mimi niko hapa. Aidha, pale ambapo mtandao wa simu haufiki, taarifa huchelewa hadi basi lifike penye mtandao. Mfumo huu unasimamia nidhamu. Hauwezi kuzuia magari mawili kugongana katika sekunde zinazofuata.

3. GARI KWA GARI

Hapa ndipo wataalamu wa nchi nyingine wamefanya kazi kwa zaidi ya miaka 20. Nchini Marekani sehemu ya masafa ya redio karibu na gigahezi 5.9 ilitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya magari kusemezana. Mwaka 2010 kiwango cha kiufundi cha mawasiliano hayo, chenye nasaba na mtandao wa Wi-Fi unaotumika maofisini, kilichapishwa. Nchini Japani kampuni ya Toyota ilianza kuuza magari yenye uwezo huo mwaka 2015, ikitumia masafa mengine, ya megahezi 760. Barani Ulaya baadhi ya magari ya Volkswagen yaliuzwa yakiwa na uwezo huo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2019.

Utendaji wake ni kama ifuatavyo. Kila gari hutangaza hali yake takriban mara 10 kwa sekunde, na magari yaliyo ndani ya mita mia kadhaa huipokea moja kwa moja, bila kupitia mnara wala kituo. Gari lililo mbele likifunga breki kwa ghafla, magari ya nyuma huarifiwa hata kama dereva hazioni taa zake. Gari la wagonjwa hutangaza ujio wake. Gari lililoharibika katikati ya barabara huonya yajayo.

Tuchukue mfano wa barabara zetu. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva mwangalifu huhitaji kama sekunde moja na nusu ili kutambua hatari na kukanyaga breki. Katika muda huo gari limekwisha kwenda mita 33 kabla breki hazijaanza kazi. Magari mawili yanayoelekeana kwa kasi hiyo hukaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Onyo linalopokelewa yakiwa mita 300 mbali humpa dereva chini ya sekunde saba. Katika kona za kupanda Kamachumu, penye ukungu au mvua ya masika, sekunde saba ni muda mwingi kuliko anaopata dereva anayetegemea macho pekee.

Ujumbe unaweza pia kupokezanwa. Gari la kwanza hulipa la pili, la pili hulipa la tatu, mpaka habari ya mti ulioanguka ifike kilometa kadhaa nyuma. Na pale ambapo magari ni machache na yako mbalimbali, gari huubeba ujumbe likitembea nao hadi likutane na jingine. Utaratibu huu si mgeni kwetu. Ndivyo barua zilivyosafiri kwa mkono wa utingo kutoka stendi hadi stendi, na ndivyo madereva wanavyowashiana taa hadi leo kumwonya mwenzao kwamba mbele kuna jambo.

Teknolojia hii ina shida moja ambayo haijapata dawa nyepesi. Gari la kwanza kununuliwa likiwa na kifaa hicho halina wa kusema naye; faida huja pale magari mengi yanapokuwa nacho, tena yakitumia masafa na lugha moja. Ndiyo sababu hata nchi tajiri zimesita. Mwaka 2020 Marekani ilipunguza masafa yaliyokuwa yametengwa na kuchagua njia nyingine ya kiufundi, na pendekezo la mwaka 2016 la kuyalazimisha magari mapya yote kuwa na kifaa hicho liliondolewa mwaka 2023.

Mfano wa shida hiyo uko mbele ya macho yetu. Wenye magari yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa nchini wamezoea kusikia sauti ya Kijapani kila wanapowasha gari. Mara nyingi sauti hiyo inatoka katika kifaa cha kulipia barabara kwa njia ya redio, nayo inamjulisha dereva kwamba hajaingiza kadi. Kifaa hicho kilitengenezwa ili kiseme na lango la barabara ya kulipia huko Japani. Hapa hakuna lango la kukijibu. Kifaa ni kizima, umeme upo, lakini kimekosa msikilizaji, na kwa hiyo hakina kazi.

4. ZIWANI: CHOMBO KWA CHOMBO

Wakati magari yangali katika majaribio, vyombo vya majini vimekwisha kuwa na utaratibu huu kwa muda mrefu, tena kwa sababu ya misiba. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili, 1912 meli ya Titanic iligonga siwa la barafu katika Bahari ya Atlantiki ikaomba msaada kwa redio. Meli ya Californian ilikuwa karibu, lakini mwendeshaji wake wa redio alikuwa amekwisha kuzima mtambo na kwenda kulala. Wito ulisikiwa na Carpathia iliyokuwa kiasi cha kilometa 100, ambayo ilifika baada ya Titanic kuzama na kuwaokoa watu zaidi ya 700 waliokuwa katika mashua. Zaidi ya 1,400 walikufa. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1914 ulizaliwa kutokana na msiba huo, na moja ya mambo yake makuu ni kwamba redio ya meli iwe na mtu wa kuisikiliza.

Leo vyombo vya majini hutumia njia mbili kuu. Ya kwanza ni redio ya sauti ya masafa ya VHF. Chaneli ya 16 imetengwa duniani kote kwa wito wa dharura, na kila chombo chenye redio hiyo hupaswa kuisikiliza. Ubora wake ni kwamba anayeita huwasikilizisha wote walio karibu kwa wakati mmoja, tofauti na simu ya mkononi ambayo humfikia mtu mmoja ambaye huenda yuko mjini, amelala.

Njia ya pili ni Mfumo wa Utambuzi wa Vyombo, unaojulikana kwa kifupi AIS. Chini ya kanuni za kimataifa mfumo huu ulianza kutakiwa katika meli kubwa na meli za abiria za safari za kimataifa kuanzia mwaka 2002 hadi mwisho wa mwaka 2004. Kila meli hutangaza jina lake, mahali ilipo, uelekeo na mwendo, na meli nyingine huiona kama alama kwenye kioo, hata usiku wa giza.

Namna vifaa hivi visivyogongana kauli ni jambo la kuvutia. Hakuna kituo kinachogawa zamu. Kila dakika imegawanywa katika nafasi 2,250 kwa kila chaneli, na saa ya setilaiti huviweka vifaa vyote katika wakati mmoja. Kila kifaa husikiliza kwanza, huchagua nafasi iliyo wazi, na kinaposema hutangaza pia nafasi kitakayoitumia baadaye ili wengine waiache. Ni kama baraza la watu wazima ambalo halina mwenyekiti na bado kila mmoja anasema kwa zamu yake. Meli kubwa ikiwa safarini hutangaza kila baada ya sekunde chache. Vipo pia vifaa vidogo, vya nguvu ya wati 2, kwa ajili ya boti ndogo. Navyo hutangaza kila baada ya sekunde 30 chombo kinapokuwa katika mwendo.

Katika Ziwa Victoria msimamizi wa usalama wa vyombo kwa upande wa Tanzania ni Shirika la Wakala wa Meli Tanzania (TASAC). Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo ni chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki chenye makao Kisumu, imesimamia mradi wa mawasiliano na usafiri wa ziwani unaohusisha kituo cha uratibu wa uokoaji Mwanza. Kabla ya hapo, kampuni ya simu Zain, kampuni ya Ericsson na umoja wa kampuni za simu GSMA walishirikiana kuongeza nguvu ya minara iliyo kando ya ziwa, ili simu ya mvuvi ishike mbali zaidi majini. Hatua hizo zote zimesaidia. Bado, idadi kubwa ya vyombo kati ya visiwa vyetu na nchi kavu ni mitumbwi na boti za mbao, na vingi havina redio ya VHF wala kifaa cha AIS.

5. SAUTI HUFIKA UMBALI GANI?

Watu wengi hudhani kwamba redio yenye nguvu zaidi ndiyo inayofika mbali. Kwa masafa ya VHF jambo kubwa ni urefu wa antena kutoka majini, kwa kuwa dunia ni mviringo na mawimbi hayo hayapindi sana kuufuata mviringo huo. Makadirio yafuatayo yatamsaidia msomaji:

(a) Antena iliyo mita 1 juu ya maji, yaani redio iliyoshikwa mkononi na mtu aliyeketi mtumbwini, huona upeo wa kilometa 4 hivi.

(b) Antena ya mita 4, iliyofungwa juu ya mlingoti wa boti, huona kilometa 8.

(c) Antena ya mita 16, kama ya meli, huona kilometa 16.

(d) Antena iliyo mita 100 juu ya ziwa, kwenye kilima, huona kilometa 41.

Umbali wa mawasiliano ni jumla ya pande mbili. Mitumbwi miwili yenye redio za mkononi itasikilizana kwa kilometa 8 tu. Redio hiyo hiyo ya mkononi, ikisikilizwa na antena ya kilimani, inaweza kusikika hadi kilometa 45, endapo nguvu yake inatosha na hakuna kizuizi. Kilima cha kisiwa kikiwa katikati, hesabu hiyo huvunjika. Mvuvi aliye nyuma ya kisiwa cha Bumbire anaweza asisikike Muleba bara hata kama si mbali.

Hesabu hii ina maana kubwa kwetu. Magenge na vilima vinavyoliangalia ziwa kuanzia Bukoba hadi pwani ya Muleba ni mali kwa mawasiliano. Redio moja ya kusikiliza iliyowekwa mahali pa juu, yenye mtu wa zamu, inaweza kuzifaa boti nyingi zaidi kuliko redio kumi zilizo ufukweni.

6. MAMBO AMBAYO REDIO HAIWEZI

Ni wajibu kusema wazi kwamba kifaa cha mawasiliano hakipunguzi abiria waliozidi. MV Nyerere kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliofariki peke yao walizidi mara mbili ya idadi hiyo. Mawasiliano bora kuliko yote yasingekifanya kivuko hicho kiweze kubeba mzigo ule. Hali kadhalika, AIS hutangaza jina la chombo bila majina ya waliomo. Baada ya MV Bukoba kuzama, moja ya mambo yaliyoongeza uchungu ni kutokuwapo kwa orodha kamili ya abiria, na hadi leo idadi ya waliofariki hutajwa kwa namna tofauti. Daftari la abiria lililoachwa gatini au mwaloni kabla ya safari ni sehemu ya mawasiliano, ingawa halina umeme.

Pia vifaa vinaweza kusema uongo. Ujumbe wa AIS hauna muhuri wa kuthibitisha mtumaji, na katika nchi nyingine zimekuwapo meli zilizotangaza mahali pasipo pake. Mifumo ya magari imejaribu kuzuia hilo kwa saini za siri zinazobadilishwa mara kwa mara, ili ujumbe uaminike na wakati huohuo mwenye gari asiandamwe kila aendako.

7. YANAYOWEZA KUFANYIKA SASA

Watumishi wa vijiji na kata za visiwani, pamoja na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) katika kila mwalo, wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Ijulikane ni nani anayesikiliza, saa ngapi, na nani humpokea zamu. Redio isiyo na mtu wa zamu ihesabiwe kuwa haipo.

(b) Kila chombo kabla ya kuondoka kiache idadi na majina ya waliomo, kiendako, na saa ya kutarajiwa kufika. Asiyefika kwa saa hiyo aanze kuulizwa bila kungoja kesho.

(c) Wenye boti za abiria wanaonunua redio za VHF waombe leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na waifunge antena juu kadiri inavyowezekana.

(d) Wito wa dharura ufundishwe kwa mabaharia wote. Kwenye chaneli ya 16 anayeita hutamka neno la kimataifa "Mayday" mara tatu, kisha jina la chombo, mahali kilipo, tatizo, na idadi ya watu. Mahali patajwe kwa visiwa vinavyojulikana, kwa mfano kati ya Bumbire na Kerebe, na upande upi uko karibu zaidi.

(e) Asiye na redio aiweke simu yake katika mfuko usiopitisha maji, iwe na chaji ya kutosha, na ajue namba 112 ya polisi na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, pamoja na namba ya mtu wa zamu wa mwalo aendako.

(f) Jaketi okozi livaliwe tangu mwanzo wa safari. Msaada ulioitwa vizuri nao huchukua muda kufika, na muda huo mtu hana budi kuelea.

Kwa upande wa nchi kavu, wasafiri wa mabasi waendelee kutoa taarifa za mwendo wa hatari, na madereva wa malori, Hiace na bodaboda wakumbuke kwamba mtambo ulio ndani ya basi hauwaoni wao. Honi katika kona, taa wakati wa ukungu, na pembetatu za tahadhari nyuma ya gari lililoharibika zingali ndiyo lugha pekee ambayo magari yetu yote yanaielewa.

Ipo siku magari yatakayopita Muhutwe na Muleba yatasemezana yenyewe kama meli zinavyofanya. Kwa sasa, boti inayotoka Kerebe jioni ya leo inahitaji mambo ambayo yako ndani ya uwezo wetu: antena iliyo juu, orodha iliyoachwa mwaloni, na mtu wa upande wa pili aliye macho.